CHOMBO CHA KEKI KISICHOSHIKA: KWA NINI KINAKUFA MAPEMA?

Leo tunaingia jikoni. Na wewe kaka usigeuze ukurasa, mada hii si ya akina dada peke yao. Kula mnakula wote, na vijana wa kiume wanaooka keki na kuuza wapo, tena mshiko unaingia.

Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo yanapita hapo, na ukivuka tu uko Nakonde. Kwa hiyo madukani na sokoni bidhaa ni nyingi, na vyombo vya jikoni vimo. Utaviona vile vya kuokea keki, vyeusi au vya kijivu, vyepesi, ndani laini kabisa. Watu huviita nonistiki, yaani visivyoshika chakula. Muuzaji atakuambia: "Hiki hakishiki, keki inatoka yenyewe." Bei nayo inavutia. Basi unanunua.

Mwezi wa kwanza mambo ni poa. Baadaye keki zinaanza kung'ang'ania. Halafu siku moja unaona vipande vyeusi kama maganda vimenasa kwenye keki, na mteja wako naye amekwisha kuviona! Hapo maswali yanakuja. Je, ni sumu? Nimeuziwa feki? Nikitupe?

Jibu kwa kifupi ni hili: mara nyingi chombo hakikufa chenyewe, kimeuawa. Wauaji wake ni watatu: moto mkavu, chuma na kusugua. Sasa jiulize, nyumbani kwenu anayewasha mkaa na kuosha vyombo ni nani? Si wewe? Basi umri wa chombo hicho uko mikononi mwako.

UTANDO ULE NI NINI HASA?

Chombo chenyewe ni bati la chuma au la alumini. Kinachozuia keki isishike ni utando uliopakwa juu yake, ambao kwa vyombo vya bei nafuu huwa mwembamba kuliko unywele wako.

Utando unaotumika zaidi unaitwa PTFE. Wengi wanaujua kwa jina la kibiashara la Teflon. Uligunduliwa kwa bahati nchini Marekani tarehe 6 Aprili 1938. Mkemia Roy Plunkett alikuwa akifanya majaribio ya gesi za majokofu. Akafungua mtungi mmoja, gesi haikutoka, ingawa uzito wa mtungi ulionyesha kwamba kitu bado kimo. Akaupasua. Ndani akakuta unga mweupe unaoteleza, ambao karibu hakuna kitu kinachoweza kuushika wala kuungana nao. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire akapata njia ya kuugandisha unga huo kwenye alumini, na mke wake Colette akamshauri aujaribu kwenye vyombo vya kupikia. Kuanzia hapo vikaango visivyoshika vikaenea duniani.

Vyombo vingine vya kuokea hupakwa silikoni badala ya PTFE. Huo nao ni utando mwembamba, na adui zake ni walewale.

Sasa fikiri kidogo. Kama kitu hicho hakishikwi na chochote, kimeshikaje kwenye bati? Kiwandani bati hukwaruzwa kwanza liwe na mikwaruzo midogo sana, halafu utando hupakwa na kuchomwa, ukazama kwenye mikwaruzo ile. Ukipata upenyo, maji na mafuta yanaingia chini yake na sehemu iliyo jirani nayo inaanza kubanduka. Ndiyo maana mkwaruzo mmoja wa leo unakuwa ganda la wiki ijayo.

PIGA HESABU KWANZA

Tuseme umenunua chombo kwa shilingi 8,000 ili uoke keki za kuuza shuleni siku za michezo. Kikikufa baada ya keki 20, kila keki imekula shilingi 400 za chombo, mbali na unga, mayai na mkaa. Kikifika keki 200, kila keki imekula shilingi 40 tu. Chombo ni kilekile, na bei ni ileile. Tofauti iko kwenye mkono wa anayekitumia.

MUUAJI WA KWANZA: MOTO MKAVU

Utando wa PTFE unavumilia joto mpaka kama nyuzi 260 za Sentigredi. Ukizidi hapo unaanza kuharibika. Ukifika nyuzi 350 na kuendelea unavunjika na kutoa gesi zenye madhara. Keki huokwa kwa nyuzi 180 hivi. Kwa hiyo kwenye oveni ya umeme au ya gesi yenye kipimo hakuna shida.

Lakini si kila nyumba ina oveni. Wengi mnaoka kwa mkaa: sufuria kubwa jikoni, mchanga chini, chombo cha keki ndani, mfuniko juu, na makaa ya moto juu ya mfuniko. Njia hii ni nzuri na keki inaiva safi. Ila kumbuka kaa jekundu linafika nyuzi 600 na zaidi! Kama hujui kuligawa joto hilo, utando hauponi.

Fanya hivi:

1. Usikipashe chombo moto kikiwa kitupu. Kikiwa na mchanganyiko wa keki, maji yaliyomo ndani yake hulizuia joto lisipande haraka. Kikiwa kitupu hakuna cha kulizuia.

2. Usikiweke juu ya makaa moja kwa moja. Chombo cha kuokea si kikaango. Bati lake jembamba litapinda, na utando utaungua sehemu moja.

3. Weka mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa. Mchanga hulisambaza joto. Ukiweza, weka juu yake mawe madogo matatu au kigingi cha chuma ili chombo kisiguse mchanga.

4. Chini weka moto kidogo, juu weka zaidi kidogo.

5. Pima joto kabla ya kuingiza keki. Nyunyiza unga kidogo wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, uweke ndani, ufunike. Baada ya dakika 5 ukiwa na rangi ya dhahabu, joto linafaa. Ukiwa mweusi kabla ya dakika 3, moto ni mkali mno. Punguza makaa, usubiri.

MOSHI WAKE UNA MADHARA GANI?

Hapa ndipo afya inapoingia. Mtu akivuta gesi za utando ulioungua, baada ya saa chache anaweza kupata homa, baridi, kikohozi na kifua kubana, kama mwenye mafua makali. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili, lakini kifua kikizidi kubana nenda kituo cha afya, ueleze ulikuwa unafanya nini.

Ndege wana mapafu mepesi kudhurika kuliko sisi, na gesi hizi huweza kuwaua haraka. Kwa hiyo kama kwenu vifaranga hulazwa jikoni wapate joto, watoe kabla ya kuoka.

Na kuna hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, ambayo haihusu chombo kabisa. Ni mkaa wenyewe. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbozi, Ileje na Tunduma unaijua. Watu hufunga mlango na dirisha, jiko la mkaa likiwa ndani. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inaua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukiona dalili hizo, toka nje mara moja, watoe na wenzako, na muwahi hospitali. Oka nje au mahali penye hewa inayopita. Na jiko usilale nalo chumbani hata kama unaona moto umefifia.

MUUAJI WA PILI: CHUMA

Keki imeiva, mteja anasubiri, unachukua kisu na kuikata ndani ya chombo. Umekwisha! Kisu, uma na kijiko cha chuma vinakwaruza utando hata kama huoni mkwaruzo.

Subiri dakika 10 keki ipoe kidogo. Ikipoa hujikunja na kuachana na kingo yenyewe. Pitisha kijiti laini au mwiko mwembamba wa mti pembeni, kisha igeuzie kwenye sahani. Ikate huko. Ikigoma, usiichokonoe. Mara nyingine ilikosa mafuta. Paka mafuta kidogo kila unapooka, hata kama muuzaji alisema hakuna haja.

Pia usivipange vyombo kimoja ndani ya kingine vikiwa vikavu hivyo. Kitako cha cha juu kinakwaruza ndani ya cha chini. Weka kipande cha kanga kuukuu katikati.

MUUAJI WA TATU: KUSUGUA

Hapa pana mgogoro wa kifamilia. Sisi tumelelewa kwamba sufuria safi ni ile inayong'aa. Mtoto aliyefundwa anasugua kwa majivu, mchanga au stilwaya mpaka ajione usoni. Kwa sufuria ya alumini unasifiwa. Kwa chombo kisichoshika unakiua kwa mikono yako. Na ukimaliza, mama anasema "kimetakata" kwa sababu weusi umetoka. Kumbe weusi ule haukuwa masizi, ulikuwa utando wenyewe!

Je, utamwambiaje mama au shangazi bila kuonekana unajifanya mjuaji? Ongea kwa heshima: "Mama, shikamoo. Hiki chombo tumefundishwa kwamba stilwaya inakibandua. Naomba niwe nakiosha mimi mwenyewe." Ukijitolea kazi, nani atakukatalia?

Namna ya kuosha ni hii:

Kwanza kiache kipoe. Ukimwaga maji ya baridi kwenye bati la moto linapinda, na likipinda keki inaiva upande. Pili, loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nusu saa yatosha. Tatu, futa kwa kitambaa au sponji laini. Nne, kaushe papo hapo, hasa masika, kwa sababu bati la chuma hupata kutu. Na usiloweke kwa magadi, maana magadi yanakula alumini.

Jambo jingine: mara nyingine chombo hakijafa, kimechafuka tu. Mafuta yaliyoungua hujenga tabaka la kahawia linalonata, na keki hushika hapo. Kabla hujakata tamaa, loweka kwa saa nzima, futa polepole, rudia kesho. Huenda ukashangaa.

KWELI AU UONGO?

"Ukimeza ganda la utando utapata sumu."
Uongo. PTFE haiyeyuki tumboni. Kipande kidogo ulichomeza hupita na kutoka kama kilivyoingia. Usiogope. Lakini si sababu ya kuendelea kumlisha mteja maganda! Kinachobanduka kinaonyesha kwamba chombo kimefika mwisho.

"Vyombo hivi vinaleta kansa."
Hapa lazima tuelewane vizuri. Kuna kemikali nyingine iitwayo PFOA, iliyokuwa ikitumika viwandani wakati wa kutengeneza utando. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja PFOA kuwa ni kisababishi cha kansa kwa binadamu. Kwenye chombo kilichokamilika kemikali hiyo hubaki kidogo sana, kwa sababu huondoka wakati wa kuchoma utando. Walioumia zaidi ni wafanyakazi wa viwanda na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa na viwanda hivyo. Makampuni makubwa ya Marekani yaliahidi kuiacha ifikapo mwaka 2015, na mwaka 2019 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kuzuia kemikali sugu. Kwa hiyo ukipata chombo kilichoandikwa kwamba hakina PFOA, chagua hicho.

"Heri sufuria ya kienyeji, haina kemikali."
Si lazima. Sufuria zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni, na nyingi zilitoa risasi zilipochemshwa na maji yenye asidi kidogo. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto wadogo. Kwa hiyo usipikie wala kuhifadhia ndani yake vitu vichachu kama nyanya, ndimu au ukwaju kwa muda mrefu.

"Bei nafuu maana yake ni kibovu."
Si lazima pia. Chombo cha bei nafuu kina utando mwembamba, basi. Kinataka adabu zaidi kuliko cha bei ghali.

UNAPONUNUA, TUMIA FIZIKIA YAKO

Usione aibu kukikagua mbele ya muuzaji. Pesa ni yako.

• Kiweke juu ya meza. Kikicheza, kimepinda tayari.
• Kiangalie ndani kwenye mwanga. Utando uwe sawa kote, usiwe na vipele wala madoa, hasa kwenye pembe.
• Pitisha ukucha taratibu ukingoni. Kikiacha unga mweusi, kirudishe.
• Linganisha uzito. Vikilingana ukubwa na vikiwa vya bati la aina moja, kile kizito kina bati nene, hakipindi upesi na huivisha sawasawa.
• Nenda na sumaku. Ikinasa, bati ni la chuma, nalo litapata kutu likikwaruzwa. Isiponasa, huenda ni alumini, ambayo haipati kutu. Somo la fizikia limeokoa pesa!

Ukifika nacho nyumbani, kioshe kwa sabuni, kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kula kwa kitambaa.

LINI UKISTAAFISHE?

Mkwaruzo mmoja mdogo si msiba. Paka mafuta, tandika karatasi nyeupe safi iliyopakwa mafuta, endelea. Gazeti au karatasi ya daftari iliyoandikwa usitumie, wino si chakula.

Lakini utando ukibanduka kwa maganda, au ukiona kutu sehemu ya kuwekea chakula, au bati limepinda mpaka keki inaiva nusu, sema basi. Usikitupe ovyo wala kukichoma moto, umeshajua utando ukiungua unatoa nini. Toboa matundu chini, jaza udongo, pandia miche ya mchicha au maua. Au wekea misumari.

Na kama huna hela ya kingine, je, biashara imekufa? Hapana. Sufuria ndogo ya kawaida inaoka keki vizuri kabisa. Ipake mafuta, nyunyiza unga, kung'uta uliozidi, tandika karatasi safi chini. Nyanya zetu waliokea hivyo, na keki zilitoka.

JIPIME

Jibu bila kuchungulia juu:

1. Kwa nini chombo kitupu kinaharibika haraka juu ya moto kuliko chenye mchanganyiko wa keki?
2. Hewa gani ya mkaa haina harufu, na dalili zake ni zipi?
3. Dada yako ameoka keki ikashika. Ameshika kisu. Utamshauri nini?
4. Chombo cha shilingi 9,000 kimeoka keki 150. Kila keki imetumia shilingi ngapi za chombo?

Jadilianeni darasani au kwenye klabu yenu ya afya. Wenzako wa Vwawa, Mlowo na Tunduma wanaooka kwa mkaa wana mbinu zao, waulize. Ila leo ukirudi nyumbani, anza na jambo moja dogo: chukua stilwaya iliyo karibu na chombo cha keki, uiweke mbali, kwenye masufuria. Huko ndiko kwake.